Kaya Moja, Majiko Matatu

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mnapewa kishikwambi, na kishikwambi kinawakatalia mkikosea. Ukiandika kwamba mtoto wa miaka sita ana wajukuu, kinagoma kuendelea. Sisi tulikuwa na ubao wa kuandikia, bunda la fomu, penseli, na kifutio tulichokifunga kwa uzi kisipotee. Hakuna kilichogoma. Ukikosea, kosa lako lilipanda basi la Dar es Salaam likiwa limetulia, na huko likageuka kuwa ukweli.

Kazi yenyewe iliitwa udadisi. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanaishije huitwa mdadisi, na mama yangu aliposikia jina hilo alicheka hadi akaegemea mlango. "Kwa hiyo Idi, wameona tabia yako mbaya wakaipa mshahara!" Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzijuzi, na nilibisha kila kitu. Nilibisha hotuba, nilibisha magazeti, nilibishana na muuza kahawa kuhusu kahawa yake mwenyewe. Nimestaafu sasa, na wapwa zangu wanasema bado sijapona.

Utafiti ninaotaka kuwasimulia ulifanyika miaka ile ya soko huria. Ofisi moja ilitaka kulinganisha hali ya maisha ya watu wa pande mbili za ziwa, Mwanza upande wetu na Kisumu upande wa Kenya. Maduka yetu yalikuwa yamejaa tena. Mitumba ilimwagwa chini juu ya maturubai, viwanda vya minofu ya samaki vilichomoza ufukweni kimoja baada ya kingine, na watu walianza kuuliza kwa sauti jambo ambalo zamani waliliuliza kwa kunong'ona: wenzetu wametuzidi kiasi gani?

Kwangu mimi swali hilo lilikuwa na harufu. Nilipokuwa mtoto pale Kirumba, wakati sabuni imeadimika, jirani yetu alileta mche mmoja kutoka Kenya akiwa ameuficha katikati ya nguo. Mama aliukata kwa uzi, akatupa kipande chetu. Nilioga, halafu nikashinda siku nzima nikinusa viganja vyangu. Tangu siku hiyo Kenya ikawa kwangu nchi fulani ng'ambo ya maji, yenye ukungu mwepesi asubuhi, ambako watu wote wananukia. Nilibisha kila kitu, lakini hilo sikuwahi kulibisha.

Msimamizi wetu aliitwa Mzee Magesa, Mjita mwembamba aliyekwisha hesabu watu, ng'ombe, mashamba ya pamba, na safari moja hata vyoo. Alitufundisha mambo ambayo hayakuwemo kwenye kitabu cha maelekezo. Usiingie uani ukiwa umeshika kalamu, watu wataona askari. Ukipewa maji, kunywa. Ukipewa kigoda, kaa, hata kama ni kifupi na suruali yako inabana. Usimwulize mtu paa lake limeezekwa kwa nini; inua macho uone mwenyewe, kwa sababu mwenye nyasi ataona unamsimanga. Na kabla hujaaga, tafuta sababu ya kupita jikoni.

"Kufanya nini jikoni, mzee?"

"Kuhesabu mafiga. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu ng'ombe. Mafiga hayana pa kujificha."

Jambo jingine alilosisitiza lilikuwa neno kaya. Kwenye fomu, chini ya swali la kwanza, kulikuwa na maelezo: kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Alitaka tuyasome maelezo hayo kwa sauti kila nyumba, neno kwa neno.

"Mzee," nikasema, "kaya ni Kiswahili. Nimsomee Mtanzania maana ya neno la Kiswahili kama vile ametoka ng'ambo?"

"Msomee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu karatasi imesema."

"Na karatasi ikisema nirukeruke?"

"Utaruka, Idi. Halafu utajaza umeruka mara ngapi."

Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka pia, na moyoni nikaamua sitayasoma.

Sitaki mdhani nilikuwa mzembe kwa kila kitu. Mengine niliyaona mapema. Pale Kirumba, karibu na mwalo unaposhushiwa samaki, nilimkuta mama mmoja anakaanga, mafuta yanachemka, harufu imejaa uchochoro mzima. Nikamwuliza wiki iliyopita walikula samaki mara ngapi. Akajibu, "Hatujala samaki, mwanangu. Samaki ni wa viwanda." Nikamwonyesha karai lake. "Na hiki?" Akanitazama kwa huruma. "Hiki si samaki. Hiki ni panki." Mapanki ni ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishachukuliwa, kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania. Siku hiyo nilijipongeza. Niliandika pembeni kwamba panki waulizwe peke yake, na Mzee Magesa akaniazima kalamu yake ya wino kwa siku mbili. Baadaye Kisumu nikakuta kitu kilekile, nao wanakiita mgongo wazi, nao wanasema hawali samaki. Viwanda vya nchi mbili, mifupa ile ile.

Sasa njooni Kiseke, nje kidogo ya mji. Siku zile hakukuwa na majumba haya mnayoyaona. Kulikuwa na mawe makubwa yaliyopandana, mihogo, vijia vyembamba, na kwa chini kabisa ziwa limetandazwa kama shuka iliyoanikwa. Ukitembea asubuhi, jua likiwa bado halijaamka vizuri, ulisikia sauti za watu kabla hujaona nyumba. Wakati mwingine nilisimama tu kijiani nikisikiliza mlio wa mchi na kikohozi cha mtu, na nikasahau nilikuwa nimetumwa kuuliza nini.

Huko nilimkuta Mashaka, fundi mitumbwi, mtu wa miaka kama thelathini na mitano. Kazi yake ilikuwa Kirumba ufukweni, alikwenda na kurudi kwa baiskeli. Nyumbani kwao kulizungushiwa ua wa minyaa, na ndani yake nyumba tatu: ya mama yake, Bibi Holo, aliyeishi na wajukuu, ya kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa visiwani akivua, na ya Mashaka mwenyewe na mkewe Kabula na watoto wao wanne. Nikauliza mkuu wa kaya ni nani. "Kaka hayupo, leo ni mimi," akasema, akanipa kigoda.

"Kaya yako ina watu wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Redio?"

"Moja."

"Baiskeli?"

"Moja."

"Taa ya karabai?"

"Moja, tena kioo kimepasuka. Andika na hilo."

Niliandika. Watu kumi na tisa, redio moja, baiskeli moja. Nikaona umaskini umekaa mbele yangu kwenye karatasi, safi, unaosomeka. Kabula alipita na ndoo kichwani, akanisalimia, nikaitikia bila kuinua macho. Jikoni sikupita.

Nilipofunga ubao Mashaka akanishika mkono. "Nasikia mnakwenda na Kisumu."

"Wiki ijayo."

"Basi nifanyie kazi moja. Nina rafiki huko, Okelo, Mjaluo wa Shirati, tulijifunza ufundi pamoja. Amehamia moja kwa moja. Ananiita tukachonge naye, ana randa ya umeme. Anasema maisha huko ni mengine. Lakini Okelo ni muongo tangu utotoni, hata futi kamba alikuwa anaidanganya." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nikienda, naenda na mke na watoto wote. Naondoka kwa mama. Sitaki nifike huko ndiyo nianze kujuta. Wewe una macho, na una karatasi. Nenda ukaone, uje uniambie kweli."

Nikamwahidi. Angalieni hapo, vijana. Niliyekataa kuamini hata kahawa nilikubali mara moja kwamba karatasi yangu inaweza kumwambia mtu ahame nchi.

Kisumu niliifikia kama mtu anayeingia ndani ya kitu alichokiota. Barabara, taa, maduka yenye majina marefu, watoto wa shule wamevaa soksi zote mbili. Tulifuatana na wadadisi wa huko, ambao waliuliza kwa Kijaluo. Wao walikuwa na neno lao la nyumba moja na neno lao la ua mzima, hawakuchanganya. Kwa Okelo tulikuta vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti ya wapangaji wengi, sakafu ya saruji, balbu, redio ya kaseti, watu watano. Juu ya beseni kulikuwa na kipande cha sabuni, na nisiwafiche, mkewe Okelo alipotoka nilikinusa.

Mkewe aliitwa Akinyi. Fomu ilipokwisha nikamwuliza tu, kwa adabu, kama wanakaa vizuri.

"Tuko sawa," akasema. "Ila juzi kitinda mimba alishikwa na malaria. Nikafunga nyumba, nikaenda na wote watatu hospitali, mmoja mgongoni, wawili mkononi."

"Hakuna wa kumwachia?"

"Nani? Hawa wa mlango wa pili hata jina siwajui. Na wao hawanijui."

Nikaandika pembeni kwa penseli: ukiugua, nani anakupikia? Nililitazama swali lile. Halikuwa na namba, wala kisanduku cha kujaza. Nikalifuta.

Jioni nilikaa ufukweni. Magugu maji yalikuwa yameziba ghuba, kijani mpaka mbali, na kipande kimoja kilikuwa kimemeguka kikielea peke yake na ndege mweupe juu yake. Niliwaza kwamba upepo ukigeuka kitafika Mwanza bila kuulizwa hati ya kusafiria, na ndege yule hatajua kama amehama. Nilikaa pale nikiwa mwepesi, kama nami naelea. Sikuwaza kitu kingine chochote, na nilikosea, kwa sababu kulikuwa na mengi ya kuwaza.

Niliporudi nilimkuta Mashaka Kirumba akishindilia pamba kwenye maungio ya mtumbwi.

"Enhe?"

"Nenda," nikamwambia. "Wametuacha mbali. Nimejaza mwenyewe, kwako na kwake. Huwezi hata kulinganisha."

Akaweka nyundo chini. Hakuruka kwa furaha. Alikaa juu ya ubao. "Haya," akasema. "Leo namwambia mama."

Wiki iliyofuata Mzee Magesa alikuwa akihakiki fomu zetu. Alikuwa anazisoma kama barua za jamaa, anatikisa kichwa, anatabasamu. Akafika kwenye ile ya Kiseke, akasimama.

"Idi. Watu kumi na tisa, vitanda viwili. Wanalala wapi?"

"Ndiyo hali, mzee. Umaskini."

"Umaskini naujua. Nimekuuliza wanalala wapi. Ulihesabu mafiga?"

Nikainamia fomu.

"Rudi."

Nilimkuta Bibi Holo peke yake uani, anachambua mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanone. Umesahau nini? Maana tulichokuwa nacho umeshakichukua."

Nilijua anamzungumzia mwanawe. Nikakaa. "Bibi, kaya yenu ina watu wangapi?"

"Kumi na tisa. Mke wa mkubwa akijifungua salama, ishirini."

"Na redio ni moja tu?"

"Nani kasema? Ledio ya Mashaka ndiyo moja. Ile ya mkubwa inapiga kelele tangu asubuhi, wewe huisikii? Na yangu imo ndani, betri zimekufa."

Niliisikia. Ilikuwa inaimba muda wote.

"Bibi, kaya ni nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Akanyoosha mkono uliokuwa na mboga, akauzungusha taratibu, kuanzia mnyaa wa langoni, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, zizi, hadi mnyaa wa mwisho. "Hii," akasema. "Yote hii ni kaya."

Mimi mtoto wa Kirumba, nyumbani kwetu tulisema Kiswahili tu, Kisukuma changu kiliishia kwenye salamu ya mwangaluka. Sikujua kwamba neno la kwenye fomu kwa Kisukuma chake ni mji mzima na kila kilicho ndani ya ua. Mashaka alinihesabia watu wa ua wote, kisha nilipouliza vitu akanitajia vyake peke yake. Nilikuwa nimegawanya redio ya watu sita kwa watu kumi na tisa. Na nyumba nyingine nilizopita Kiseke pengine nilikuwa nimezijaza vivyo hivyo.

Nikainuka, nikapita jikoni. Mafiga tisa. Majiko matatu.

Nikadhani sasa nimepata kweli: kaya tatu, kila moja na chungu chake. Hapo akapita mtoto wa Kabula, sahani mkononi, anatoka jiko la bibi yake kwenda la mke wa baba mkubwa.

"Bibi, huyu huwa anakula chungu kipi?"

"Kilichoiva," akasema Bibi Holo.

Nilisubiri Mashaka arudi. Nilimweleza yote palepale kwenye jiko la tatu, Kabula akisonga ugali, mgongo wake umetuelekea. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi ya chuo. Mashaka alielewa haraka kuliko nilivyoeleza.

"Yaani nimemliza mama yangu kwa hesabu mbovu?"

"Kosa ni langu."

"Najua ni lako! Kazi nimeaga, Okelo ametafuta chumba kwenye ploti ileile. Sasa niambie. Wapi kuzuri?"

"Sijui."

"Hujui? Umesoma miaka mingapi wewe?"

Kabula akacheka. Hakugeuka. "Bwana mdadisi," akasema, "umekuja hapa mara mbili. Mimi hujaniuliza hata jina."

Ilikuwa kweli. Fomu ilitaka mkuu wa kaya. Hakuna ukurasa hata mmoja uliomtaja anayeshika mwiko.

"Shemeji," nikasema, "wewe unataka kwenda?"

Akatazama kwanza nyumba ya mama mkwe, akashusha sauti. "Nataka. Mama ni mtu mwema, sina neno naye. Na watoto wangu hapa hawajawahi kulala njaa, wanakula wanapokuta. Lakini nikibandika sufuria, mfuniko unafunuliwa mara tatu kabla sijaonja chumvi. Tangu niolewe sijawahi kupika kitu nikajua kimeishia wapi."

Nikamweleza kuhusu Akinyi, mtoto mgonjwa, nyumba iliyofungwa, majirani wasiojuana. Nilitaka awe na habari zote safari hii.

"Nitafunga," akasema. "Utakuwa mlango wangu."

Mashaka akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ulimwuliza mdadisi."

Waliondoka Jumamosi. Bibi Holo aliwasindikiza hadi barabarani akiwa amembeba mjukuu mdogo, na basi lilipofika ilibidi Kabula amwombe mtoto wake mara mbili.

Nilirudia nyumba zangu zote za Kiseke kwa miguu, kwa muda wangu mwenyewe, nikisoma maelezo yale neno kwa neno kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, kisha nikihesabu mafiga. Mzee Magesa hakunisema. Alinipa kifutio kipya tu. Hesabu mpya ilipotoka, Mwanza ilipanda. Haikuifikia Kisumu, na sitawadanganya kwamba iliifikia. Umeme wao ulikuwa umeme, na soksi zilikuwa soksi. Lakini lile pengo nililomwambia Mashaka pale ufukweni, lile la huwezi hata kulinganisha, nusu yake nililichimba mimi kwa neno moja ambalo sikuona haja ya kulieleza.

Mkienda kuuliza, basi, ulizeni na neno mnalolijua. Na mwenye nyumba akishamaliza kujibu, mgeukieni anayepika.

Mvua zilipoanza nikaletewa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuja na dereva wa lori la samaki, ikapita kwa mafundi wa Kirumba, ikanifikia Nyegezi nilikokuwa nimepanga. Mwandiko wa Kabula ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la saba na hajasahau.

Aliandika kwamba wamefika salama, na kwamba Okelo randa anayo kweli, ila inachoma waya. Alisema miezi miwili ya kwanza alifunga mlango wake kila siku, hata akienda kuchota maji tu, kwa raha ya kufunga. Kisha Akinyi akaugua, naye akampikia. Kisha akaugua yeye, Akinyi akampikia, wiki nzima. Siku hizi wanaiacha milango yote miwili wazi, na watoto saba hawajulikani ni wa nani. Anamkumbuka mama. Hataki kurudi. Mwisho akaandika: "Ulituuliza maisha yakoje. Ndiyo hayo. Andika."

Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa. Nilikwenda ofisini, nikaitafuta fomu yao kwenye kabati, ya kumi na mbili kutoka juu. Sehemu ya maoni ilikuwa na mistari miwili. Haikutosha. Nikageuza karatasi upande wa nyuma, usio na kitu, nikaanza kuandika.